Upepo Haujui Mpaka: Mchezo wa Tiara Baharini na Usalama wa Pwani Yetu

Msimu wa kaskazi na wa kusi uingiapo, anga la fukwe za Diani na Galu hujaa tiara za rangi rangi. Chini ya kila tiara yumo mtu aliyesimama juu ya ubao, akiburutwa na upepo juu ya mawimbi. Mchezo huu huleta wageni na riziki. Hata hivyo, bahari hiyo hiyo ina wavuvi, wakulima wa mwani, waogeleaji na watoto wetu. Ndiyo maana tumeona vyema kuwaeleza wananchi wa pande zote mbili za mpaka, kutoka Shimoni na Vanga hadi Jasini na Moa, namna ya kuukaribia mchezo huu bila madhara.

Kwanza, tufahamu nguvu yake. Tiara hufungwa kwa nyuzi nyembamba zenye urefu wa mita 20 hadi 25 hivi, nazo hushikamanishwa na mkanda ulio kiunoni mwa mchezaji. Upepo ukiongezeka maradufu, nguvu ya mvuto haiongezeki mara mbili bali mara nne. Kwa hiyo, mtu aliyekuwa akicheza kwa raha anaweza, kwa dharuba moja tu, kuinuliwa na kutupwa mchangani au kwenye mnazi. Uzi ulionyooshwa kwa nguvu hiyo hukata ngozi. Tunawasihi wazazi wawakataze watoto kushika, kuruka au kupita chini ya nyuzi hizo, hata tiara ikiwa imelala mchangani.

Pili, tuutazame upepo na maji kwa pamoja. Upepo unaofaa ni ule unaovuma sambamba na ufuko au kuelekea nchi kavu kwa mshazari. Umande, yaani upepo utokao bara, humsukuma mchezaji kwenye kina kikuu, na asiye na mashua ya kumfuata hapaswi kuingia majini wakati huo. Maji nayo hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali sana, mwamba hujitokeza, na mkondo hutoka kwa kasi kupitia milango ya mwamba. Wavuvi wetu wanayajua haya tangu utotoni, mgeni hayajui. Neno moja la mwenyeji kabla ya mchezo huweza kuokoa maisha.

Tatu, kila mtu ana haki ya bahari. Mchezaji aache nafasi ya mita 50 au zaidi mbele yake kwa upande upepo uendako, na asiruke karibu na waogeleaji. Ngalawa iliyotweka tanga haigeuki upesi, hivyo aipishe. Asipite juu ya nyavu, wala juu ya mashamba ya mwani kama yale ya akina mama wa Kibuyuni, kwa kuwa kamba moja ikikatika ni jasho la wiki nyingi. Nasi wenyeji tusirushe mawe wala kukata nyuzi kwa hasira. Palipo na mgogoro, kamati ya usimamizi wa ufuko na kituo cha polisi vipo kwa ajili hiyo.

Nne, tujue dalili za hatari. Mchezaji anayegusa utosi wake kwa kiganja anaomba asaidiwe kushusha tiara. Anayenyoosha mikono yote miwili ubavuni na kuiinua na kuishusha polepole anaomba kuokolewa. Mwenye chombo amwambie kwanza aifungue tiara yake, kisha amkaribie kutoka upande upepo utokako, akiwa mwangalifu ili nyuzi zisijisokote kwenye rafadha ya injini. Mtu achukuliwe kwanza. Vifaa baadaye, ikiwa hali inaruhusu.

Hapa ndipo mpaka unapotuhusu zaidi. Kusi husukuma kinachoelea kuelekea kaskazini, na kaskazi hukisukuma kuelekea kusini. Tiara iliyopotea upande mmoja huweza kuokotwa upande wa pili. Ndugu mvuvi, ukikuta tiara au ubao usio na mtu, usiuhesabu kuwa bahati yako. Huenda mwenyewe bado yu hai majini. Tazama saa, kumbuka mahali ulipouona na upepo ulikotoka, kisha toa habari mara moja. Nao wachezaji tunawaomba waandike jina na nambari ya simu kwenye vifaa vyao. Aliyepoteza tiara na kufika pwani salama aarifu pia, ili waokoaji wasihatarishe maisha yao wakimtafuta mtu aliyekwisha kurudi nyumbani.

Asiwepo wa kuogopa kumwokoa mtu kwa kuwa si wa nchi yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, katika ibara ya 98, unazitaka nchi ziwawajibishe manahodha kumsaidia yeyote aliye hatarini baharini. Ukimfikisha pwani, hata ikiwa si pwani ya kwenu, ripoti kwa kamati ya ufuko au kituo cha polisi kilicho karibu na ueleze ulipomkuta.

Nchini Kenya, piga simu nambari 999 au 112. Nchini Tanzania, 112. Taja mahali, idadi ya watu na uelekeo wa upepo. Tahadhari huja kabla ya hatari, lakini hatari ikishatangulia, dakika chache za jirani mwepesi wa kusema ndizo zinazomrudisha mtu kwao.