SANAMU ALIZOZIWEKA DEGAS NYUMBANI

Mtajie mwalimu wa sanaa jina la Edgar Degas, atakwambia papo hapo: ah, yule Mfaransa aliyechora wasichana wa baleti! Naam, ndiye. Lakini alipofariki huko Paris mwaka wa 1917, karakana yake ilikutwa na sanamu zipatazo 150 za nta na udongo, nyingi zimevunjika, nyingine zimebomoka kabisa. Wachezaji dansi, farasi, wanawake wanaooga. Kumbe mzee alikuwa akifinyanga miaka hiyo yote! Na umma ulikuwa umeonyeshwa moja tu.

Hiyo moja aliionyesha mwaka wa 1881. Ni msichana wa miaka kumi na minne, kimo chake kama mita moja, amesimama mguu mmoja mbele, mikono nyuma, kidevu juu. Mwili ni wa nta, lakini nywele ni za binadamu, kijisketi ni cha kitambaa halisi, hata viatu. Aliwekwa ndani ya kabati la kioo. Basi wakosoaji wakamrukia! Wengine walimfananisha na tumbili. Walizoea sanamu za marumaru, za miungu na mashujaa, si mtoto wa mtaani mwenye uso wa uchovu. Mwandishi Huysmans alimsifu, lakini sauti yake ilikuwa ya wachache. Degas hakuonyesha sanamu nyingine tena maishani mwake.

Je, aliogopa maneno ya watu? Mimi sidhani ni hilo tu. Hebu tutazame alivyofanya kazi. Alikunja waya ukawa kama mifupa, akaupaka nta. Ndani alijaza chochote kilichokuwa karibu: picha za eksirei zimeonyesha vizibo vya chupa, na ndani ya mikono ya yule msichana mna mipini ya brashi za rangi! Sasa, nta haikauki ikawa jiwe. Leo unainua mguu wa mchezaji, kesho unaushusha kidogo, kiwiliwili nacho lazima kiegemee upande wa pili ama aanguke. Picha ya ukutani yaweza kukudanganya hapo. Sanamu haidanganyi, itaanguka tu. Tena macho ya Degas yalikuwa yakififia, na vidole vyake vikaendelea kutafuta. Mtu wa namna hiyo hamalizi kazi, na asiyemaliza ataonyesha nini?

Kuanzia mwaka wa 1919 warithi wake walikubali sanamu zaidi ya sabini zitengenezewe nakala za shaba nyeusi katika kiwanda cha Hébrard. Ndizo zinazoonekana Paris, London na New York. Degas mwenyewe hakuwahi kutengeneza hata moja kwa shaba. Walimkosea? Labda, ila nta ile ingezidi kupasuka, nasi tungebaki na hadithi tupu.

Na yule msichana? Aliitwa Marie van Goethem, mama yake alikuwa dobi, naye alisomea dansi katika jumba la Opera. Mwaka wa 1882, mwaka mmoja tu baada ya maonyesho yale, Opera ilimfukuza kwa kukosa kufika kazini. Sanamu yake ya nta, ile ile ya kwanza, iko Washington, kidevu bado kiko juu.