Mgeni, Mkimbizi na Mwananchi

Kwetu Uvira mpaka si jambo la mbali. Kavimvira na Gatumba ya Burundi ni majirani, na huku pwani ya ziwa kila jamaa yaweza siku moja kuwa ugenini. Kwa hiyo yatupasa kuzijua sheria za wageni.

Tukumbuke yaliyopita. Mwaka wa 1972 Warundi wengi waliyakimbia mauaji ya kwao, wengine wakaja Kongo, wengine wakaenda Tanzania. Mwaka wa 1996, vita vilipowaka Kivu ya Kusini, watu wa Uvira na Fizi walivuka ziwa hata Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Mwaka wa 2015 Warundi walikuja tena, wakapewa mahali Lusenda. Na mwaka wa 2025 watu wa bonde la Ruzizi walivuka mto wakaingia Burundi. Aliyepokea jana, leo apiga hodi.

Basi, mtu huyo ana haki gani? Wengi huchanganya mambo matatu yaliyo mbalimbali.

La kwanza ni ukimbizi. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951, ambao Kongo iliukubali mwaka wa 1965, wakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo uhai wake au uhuru wake umo hatarini. Tena wasema kwamba aliyeingia bila ruhusa asiadhibiwe kwa kosa hilo, mradi ajionyeshe upesi na kueleza sababu zake. Kongo ina sheria yake ya tarehe 16 Oktoba 2002, na Tume ya Taifa ya Wakimbizi ndiyo ipokeayo maombi. Asiyejiandikisha atajiteteaje askari akimsimamisha njiani?

La pili ni ukaaji wa mgeni. Huyu hakukimbia, amekuja kwa kazi au biashara, naye hukaa kwa ruhusa ya ofisi ya uhamiaji. Ruhusa hiyo ina siku yake ya mwisho, na mwenye busara huishughulikia kabla siku hiyo haijafika.

La tatu ni uraia. Sheria ya Kongo ya tarehe 12 Novemba 2004 yasema uraia wa Kongo ni mmoja, wala haushikwi pamoja na mwingine. Mgeni auombaye sharti awe mtu mzima, mwenye mwenendo mwema, ajuaye mojawapo ya lugha za Kongo, na awe amekaa nchini miaka 7. Lakini miaka peke yake haimgeuzi mtu kuwa mwananchi; lazima aombe na kukubaliwa. Wale Warundi wa 1972 waliokwenda Tanzania walingoja zaidi ya miaka 40. Mwaka wa 2014 ndipo watu zaidi ya 160,000, pamoja na watoto wao, walipoanza kupewa vyeti vya uraia, baada ya kuukana ule wa Burundi.

Na mtoto aliyezaliwa kambini je? Kuzaliwa katika ardhi ya Kongo kwa wazazi wageni hakumpi uraia papo hapo. Akifika miaka 18, naye akiwa bado akaa nchini, aweza kuuomba kwa maandishi. Lakini atathibitishaje alikozaliwa, ikiwa hakuandikishwa? Sheria yataka kizazi kitangazwe kwa Serikali katika siku 90. Cheti cha ubatizo ni kitu chema, lakini hakishiki nafasi ya cheti cha kuzaliwa.

Kwa hiyo, enyi wazazi, waandikisheni watoto wenu mapema. Tunzeni karatasi zenu mahali pakavu, na nakala zake kwa ndugu mwaminifu. Wala msinunue cheti kwa mtu wa njiani, maana karatasi moja ya uongo huharibu hata ombi la kweli. Na mgeni akija kwenu, mwonyesheni ofisi ya kwenda. Msaada huo haupungui thamani kuliko chakula, kwa maana chakula huisha jioni, lakini jina lililoandikwa vema humlinda mtu miaka mingi.