Mtu na Matazamio Yake

Karibu na mji wa Kisangani, mto Kongo hupita juu ya miamba kwa kishindo kikubwa. Hapo ni mwisho wa maporomoko saba ya Boyoma, na hapo Wagenia huvua samaki. Husimamisha magogo marefu kati ya miamba, huyafunga kwa kamba za mwituni, kisha hutundika vikapu vikubwa vyenye mdomo mpana. Nguvu ya maji huwasukuma samaki ndani, nao hawawezi kutoka tena.

Mgeni akisimama ukingoni huona hatari tu. Mtoto wa Wagenia huona mahali pa kazi. Mto ni ule ule, bali mioyo ni mbalimbali. Mtoto yule amemwona baba yake akipanda juu ya magogo, na babu yake vilevile. Basi hutazamia kwamba siku moja yeye naye atapanda. Kwa kuwa anatazamia hivyo, hujifunza kuogelea, huchungua mkondo wa maji, huwauliza wakubwa. Mwisho huweza kweli. Matazamio yake hayakuyatuliza maji. Yalimtia yeye bidii ya kujifunza.

Shuleni ni vivyo hivyo. Mwanafunzi mmoja husema moyoni, «Mimi sina akili ya hesabu.» Mwalimu akiuliza, yeye huinamisha kichwa. Akipewa hesabu ngumu, huiacha upesi. Kwa hiyo hajifunzi, na mwisho wa mwaka hushindwa. Kisha husema, «Mnaona? Nilijua!» Kumbe alishindwa kabla ya kujaribu. Siku kwa siku wazo lake huwa desturi, na desturi huwa tabia. Watu humwita mvivu, naye hulizoea jina hilo. Mwenzake husema, «Bado sijaweza, nitajaribu tena.» Labda hampiti kwa akili, lakini hujaribu mara nyingi, akapata.

Lakini angalieni! Mtu asidhani kwamba kila analolitumaini litakuwa. Watu wa Kisangani walilijua jambo hili kwa uchungu mwaka 1964, mji ulipokuwa bado unaitwa Stanleyville.

Mwaka ule waasi walioitwa Simba waliinuka mashariki ya Kongo. Wengi wao walikuwa vijana, wengine bado watoto. Walikuwa na mikuki, mapanga na bunduki chache. Waganga waliwapaka dawa, wakawaambia kwamba risasi zitageuka kuwa maji. Waliwapa na masharti: wasiibe, wasigeuke kutazama nyuma. Vijana wakaenda vitani wakipiga kelele, «Mai Mulele!»

Askari wa serikali walikuwa na silaha nzuri kuliko wao. Lakini wengi wao nao waliiamini dawa ile. Walitazamia kwamba risasi zao hazitafaa kitu. Basi walikimbia, wakaacha silaha zao, na mwanzo wa mwezi wa Agosti Simba wakauteka mji. Je, ilishinda dawa? Sivyo, ilishinda hofu.

Mwezi ule ule Simba walishambulia Bukavu. Huko askari wa Kanali Léonard Mulamba walisimama imara, wakapiga bunduki. Simba wengi wakafa, na mji haukutekwa. Dawa ilikuwa ile ile, lakini wale waliokabiliana nayo hawakukimbia.

Kijana alipokufa, wenzake waliambiwa, «Alivunja masharti.» Neno hilo lilikuwa mtego. Akipona, sifa ni ya dawa. Akifa, kosa ni lake. Hivyo dawa haikuweza kupimwa kamwe, na vijana wengine wakazidi kwenda kufa. Tarehe 24 Novemba 1964 askari wa Ubelgiji walishuka Stanleyville kwa miavuli kutoka ndege za Marekani, na Simba wakaupoteza mji. Wapiganaji, mateka na wenyeji wengi walikufa katika vita vile.

Hata kusini mwa Tanzania mambo kama hayo yalikuwa yametokea zamani. Katika vita vya Maji Maji, vya miaka 1905 hadi 1907, watu walipewa maji ya kuwakinga na risasi za Wadachi. Maji yaliwapa moyo mmoja makabila mengi, lakini hayakuzuia risasi. Risasi haimwulizi mtu anaamini nini.

Basi matazamio yana nguvu juu ya mtu mwenyewe: humfanya athubutu au akimbie, ajaribu au aache. Juu ya mto, risasi na ugonjwa hayana nguvu hiyo. Kwa hiyo mwenye busara hutumaini, tena hupima. Mvuvi Mgenia hutumaini kupata samaki, lakini gogo likioza hasemi, «Litanichukua tu.» Huling'oa, akasimamisha jingine.

MASWALI

1. Kwa nini mgeni na mtoto wa Wagenia hawauoni mto namna moja?
2. Kwa nini askari wa Stanleyville walikimbia, na wale wa Bukavu hawakukimbia?
3. Neno «Alivunja masharti» lilikuwa mtego kwa namna gani?
4. Taja jambo moja unalosema huliwezi. Umelijaribu mara ngapi?