Jengo linaloiga kichuguu na jengo linaloigiza

“Prof, hizi nyumba zinazojengwa kama kichuguu, Kiswahili mnaziitaje?”

Aliyeniuliza ni dereva aliyetutoa Lodwar kwenda Eliye Springs. Kando ya njia vichuguu vilikuwa vimesimama wima kama mabomba ya moshi, vingine vikimpita mtu kimo. Nilitaka kumjibu papo hapo, nikakwama. Neno lililonijia mdomoni ni “dizaini”, na hilo si jibu la mwalimu wa lugha. Leo basi nalipa deni.

Swali lake halikuzuka tu. Katika ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana kuna chuo cha Startup Lions, kilichokamilika mwaka 2021, ambako vijana hufunzwa kazi za kompyuta. Msanifu wake ni Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso. Mwaka 2022 alipata tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa zaidi katika usanifu wa majengo, akawa Mwafrika wa kwanza kuitwaa. Kéré alivitazama vichuguu vya huko, kisha akainua minara mirefu juu ya majengo. Hewa moto ni nyepesi, kwa hivyo hupanda na kutokea juu ya minara. Inapotoka, hewa yenye ubaridi huvutwa ndani kupitia matundu ya chini. Kuta zenyewe ni za mawe ya eneo hilo. Katika nchi ambayo joto la mchana hufika nyuzi 35 mara kwa mara, wanafunzi hupumua na kompyuta hazipati moto kupita kiasi.

Sasa turudi kwenye maneno. Kiingereza kina istilahi moja iliyoungwa kwa mizizi miwili ya Kigiriki, “uhai” na “kuiga”. Sisi tuna nini?

Tuna usanifu. Wengi hudhani neno hili ni ndugu wa sanaa. La hasha. Yote mawili asili yake ni Kiarabu, lakini mizizi ni tofauti: sanaa hutokana na kutengeneza kitu kwa ustadi, ilhali sanifu hutokana na kupanga vitu kwa aina zake. Kwa hivyo msanifu ni mtu anayepanga kabla ya kupamba.

Tuna pia maumbile, neno la Kibantu linalotokana na kuumba. Katika lugha nyingi ndugu za Kiswahili, kitenzi hicho ni cha mfinyanzi anayeukanda udongo mpaka ukawa chungu. Ndani ya neno maumbile, kumbe, mna udongo na mikono. Na mchwa hufanya nini, kama si kuukanda udongo kwa mate yake, chembe kwa chembe?

Utamu wenyewe uko kwenye kitenzi. Kiswahili kina kuiga na kina kuigiza. Anayeiga hufanya kama mwenzake afanyavyo. Anayeigiza huonyesha tu kwamba anafanya. Mwigizaji wa daktari jukwaani hamtibu mtu. Tofauti hiyo ya silabi moja inatosha kuyapima majengo yetu.

Niliwahi kulala katika hoteli moja ambayo nguzo zake za zege zilikuwa zimechorwa magamba ya mkoma, na pazia zimejaa samaki wa ziwani. Ukutani palining’inia picha ya kichuguu wakati wa machweo. Nyumba nzuri, sikatai. Ila usiku umeme ulipopotea na kipoza hewa kikanyamaza, chumba kikawa tanuri. Madirisha yalikuwa ya kioo kisichofunguka. Hilo ni jengo linaloigiza maumbile.

Sisemi mapambo ni bure. Milango ya Zanzibar imechongwa samaki, tende, minyororo na maua ya yungiyungi, na kila alama ina maana inayosimuliwa, tende kwa neema na mnyororo kwa usalama. Hiyo ni nakshi, na nakshi ina kazi yake: husema. Kosa ni kuidai nakshi ipoze chumba.

Basi ni nani Turkana anayeiga kwelikweli? Kabla ya Kéré walikuwapo akina mama. Wao ndio wajenzi wa akai, kibanda cha kulala chenye umbo la kuba, kwa fito zilizopindwa na kuezekwa makuti ya mkoma. Pia wapo wenye ekol, kivuli cha kukalia mchana. Kuba haiupi upepo ukuta wa kusukuma, na makuti yanazuia jua huku yakiruhusu hewa kupenya, kama vile mkoma wenyewe unavyomfanyia mtu aliyejiegemeza chini yake pale Eliye kwenye chemchemi. Akai haifanani na mkoma hata kidogo. Inafanya kazi ya mkoma.

Tahadhari moja ya kitaalamu. Jengo la Eastgate mjini Harare, la msanifu Mick Pearce, lilifunguliwa mwaka 1996 na kusifiwa kwa kuiga kichuguu kinachojipoza. Mwaka 2008 watafiti J. Scott Turner na Rupert Soar walieleza kwamba mambo si mepesi hivyo. Joto la kiota hufuata zaidi joto la udongo unaokizunguka, na kichuguu hutumia upepo kubadilishana hewa, kwa namna inayokaribia pafu kuliko bomba la moshi. Jengo la Harare halikuacha kufanya kazi kwa sababu hiyo. Lakini tumeonywa: tunaiga kile tunachodhani tumekiona. Kuiga vyema kunataka kutazama upya kila mara.

Kwa nini nishikilie maneno? Kwa sababu maneno ndiyo yanayojenga kwanza. Shuleni mtoto wa Kiturukana hujifunza kwamba nyumba ya mawe na mabati ni “ya kudumu”, na ya mama yake ni “ya muda”, au huitwa “manyatta”, neno ambalo wala si la Kiturukana. Akikua na kupata pesa, ataezeka nini? Mabati. Kuanzia Lodwar hadi Kakuma, mabati ya saa nane mchana hayahitaji maelezo ya profesa. Ujuzi uliotuzwa kimataifa ulipovaa mawe, nyumbani unaitwa umaskini unapovaa makuti.

Wapo watakaosema kuiga ni neno lenye aibu. Si tunaambiwa ukimwiga tembo kunya utapasuka msamba? Kweli, lakini methali hiyo inamsuta anayeiga asilolimudu. Mchwa hatudai tuwe mchwa.

Dereva wangu, jibu lako basi ni hili: usanifu wa kuiga maumbile. Na ukikuta jengo lenye sura ya kichuguu ambalo ndani yake unatoka jasho, usihangaike kutafuta istilahi nyingine. Hilo linaigiza.