Karanga peke yake haimtoshi kasuku

Mtoto akihifadhi somo lake chuoni bila kulifahamu, mwalimu humkemea: "Wewe wasoma kama kasuku!" Usemi huu tumeuzoea hata hatuufikirii tena. Maana yake ni kwamba kasuku ni mdomo mtupu. Husikia, akarudisha, wala hajui alinenalo. Kwa imani hiyo tumemtundika barazani, tukamfundisha kuitikia salamu, na mgeni akija tukacheka pamoja. Karanga zipo, maji yapo, basi tumemaliza wajibu wetu.

Leo, ndugu msomaji, nataka tuutazame upya wajibu huo. Wataalamu wamefanya utafiti wa miaka mingi juu ya akili ya ndege huyu, na majibu waliyoyapata yanatuhusu sisi tunaowafuga kama yanavyowahusu wao wenye maabara.

Swali lenyewe nilikutana nalo mbali na bahari. Nilikuwa Sirisia, katika Kaunti ya Bungoma, nchi ya Wabukusu chini ya Mlima Elgon. Huko ni mahindi, kahawa na migomba, na mpaka wa Uganda hauko mbali. Ukifika Lwakhakha, mto ndio unaozitenga nchi mbili. Mwenyeji wangu alikuwa mzee aliyestaafu ualimu. Barazani kwake palikuwa na tundu la waya, na ndani yake kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Mzee aliniambia kuwa ndege huyo aliletwa zamani na dereva wa lori aliyekuwa akitokea Kongo kupitia Uganda.

"Mulembe!" kasuku aliniamkia kwa salamu ya kwao. Kisha akakohoa kikohozi cha mzee, akalia kama simu, akawaita kuku kwa sauti ya mwanamke. Mzee alinyamaza kidogo. Sauti ile ilikuwa ya mkewe, ambaye ameshatangulia mbele ya haki.

Lakini kifua cha ndege kilikuwa kitupu, kama cha kuku aliyenyonyolewa tayari kwa chungu.

"Hana ugonjwa," mzee alisema. "Daktari wa mifugo alimtazama. Hujinyonyoa mwenyewe. Tunampa mahindi, tunampa ugali, tunampa karanga. Sasa niambie, mwanangu, anataka nini zaidi?"

"Mzee," nilimjibu, "swali lako wameliuliza watu wengi wenye vyuo vikubwa."

Na kweli wameliuliza. Ili tulielewe jibu lao, yatupasa kwanza kujua kasuku ni kiumbe wa namna gani.

ALEX WA CHICAGO

Mwezi Juni mwaka 1977 mwanamke mmoja wa Kimarekani, Irene Pepperberg, aliyekuwa na shahada ya udaktari katika kemia kutoka Chuo Kikuu cha Harvard, alinunua kasuku wa kijivu katika duka la ndege na wanyama karibu na Chicago. Ndege alikuwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Pepperberg hakumchagua mwenyewe. Alimwachia mfanyakazi wa duka amshike yeyote, ili baadaye asije mtu akasema kuwa alitafuta ndege hodari kuliko wenzake. Akamwita Alex.

Njia aliyoitumia kumfundisha itamfurahisha kila aliyelelewa katika nyumba yenye wazee. Watu wawili walikaa mbele ya ndege. Mmoja alishika kitu, tuseme ufunguo, akamwuliza mwenzake: hiki ni nini? Akijibu sawa, alipewa ufunguo. Akikosea, ufunguo uliondolewa. Kasuku alikuwa akitazama tu, mpaka naye akaona wivu akataka kuingia katika mazungumzo. Na alipotaja jina la kitu, alipewa kitu kile kile alichokitaja, si kipande cha chakula. Aliyesema karatasi alipata karatasi, akaichana kwa raha zake. Hivyo neno likawa na maana kwake.

Baada ya miaka, Alex aliweza kutaja vitu vipatavyo 50, rangi saba na maumbo matano. Alihesabu vitu hadi sita. Alijua kusema ni kipi kikubwa na kipi kidogo, na vitu viwili vinafanana kwa lipi na vinatofautiana kwa lipi. Na kama havikutofautiana kwa lolote, alisema hakuna. Sinia ikiwekwa mbele yake, imejaa vitu vya aina na rangi mbalimbali vilivyochanganywa, akaulizwa vile vya kijani vya aina fulani ni vingapi, ilimbidi avitenge kwa macho na kuvihesabu peke yake. Hapo hapana la kukariri. Pepperberg alimlinganisha na mtoto wa miaka mitano katika kufikiri, na mtoto wa miaka miwili katika hisia zake.

Kulinganisha huko wengi hukutaja kwa mshangao wakaishia hapo. Mimi naona hapo ndipo mambo yanapoanza. Maana ikiwa ndani ya tundu yumo kiumbe mwenye fikira za mtoto, basi masharti ya kumweka humo hayawezi kuwa yale yale ya kuweka chombo kabatini.

UPANDE WA PILI WA DAFTARI

Habari za Alex zina upande wa pili, nao haukufichwa. Kazi ya maabara hutaka swali lile lile lirudiwe mara nyingi, ili ijulikane kuwa jibu halikuja kwa bahati. Alex alichoka. Mara nyingine alitoa majibu yote yasiyo sahihi, akaliruka lililo sahihi peke yake. Jambo ambalo asiyelijua jibu hawezi kulifanya. Mara nyingine aliomba maji, au akasema kwa maneno yake kwamba anataka kurudi tunduni. Alipitia pia vipindi vya kujinyonyoa manyoya, kama yule wa Sirisia. Alipougua mapafu kwa maradhi ya kuvu, ikabidi aachwe kwa daktari, alimwita mwenyewe arudi, akamwambia kuwa anampenda, akaomba radhi, akasema anataka kurudi.

Alex alifariki tarehe 6 Septemba, 2007, akiwa na umri wa miaka 31. Kasuku wa kijivu akitunzwa vyema aweza kufika miaka hamsini na kupita.

Sisemi kwamba Pepperberg alikuwa mkatili. Alex alitolewa tunduni mchana, alikuwa na watu wa kuzungumza naye siku nzima, na alipokataa alisikilizwa. Kasuku wachache wa nyumbani wamepata hayo. Lakini jioni taa zilizimwa, watu wakaenda makwao, naye akabaki ndani ya tundu. Katika msitu wa Kongo ndege wa aina yake hulala katika kundi kubwa juu ya miti mirefu, na alfajiri huruka pamoja kwenda kutafuta chakula.

Ni kiasi gani upweke unamdhuru? Mwaka 2014 wataalamu wa Vienna, nchini Austria, walitoa utafiti juu ya kasuku wa kijivu waliofugwa. Katika chembe za mwili wa kila kiumbe mna nyuzi za urithi, na ncha za nyuzi hizo, ziitwazo telomia, hupungua kadiri umri unavyosonga. Walipozipima, waliona kuwa kasuku wanaofugwa peke yao wana ncha fupi kuliko wale wanaoishi wawili wawili. Kasuku mpweke wa miaka tisa alilingana na aliye na mwenzake ambaye amemzidi umri kwa miaka 23. Yaani upweke humzeesha ndege ndani kwa ndani, hata kama bakuli lake limejaa.

Mwaka 2020 Désirée Brucks na Auguste von Bayern walieleza jaribio walilolifanya katika kisiwa cha Tenerife. Kasuku walifundishwa kutoa kipande cha chuma na kupewa chakula. Kisha wawili waliwekwa jirani: mmoja ana vipande lakini dirisha lake la kubadilishia limefungwa, mwingine dirisha liko wazi lakini hana kitu. Kasuku wa kijivu mwenye vipande alimpitishia mwenzake ili ale, yeye mwenyewe asipate chochote. Kiumbe mwenye tabia hiyo ya kusaidiana ndiye sisi tunayemweka pekee kwa miaka thelathini.

Na mwaka 2021 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walichunguza hali za kasuku zaidi ya 1,300 wa aina 50. Waligundua kuwa aina zenye ubongo mkubwa kwa kulinganisha na mwili ndizo zinazoathirika zaidi kwa kifungo, zikawa na vitendo vya kurudiarudia visivyo na maana. Tena, aina ambazo porini hupata chakula kwa kazi, kwa kuvunja na kumenya, ndizo zinazojinyonyoa zaidi wanapopewa chakula kilicho tayari. Kumbe akili yake ndiyo inayomwumiza, na karanga iliyokwisha kumenywa, tunayodhani ni ihsani, inamnyang'anya kazi yake ya siku.

SHERIA NA HAKI

Mtu aweza kudhani kuwa baada ya ushahidi huu sheria zimemkinga ndege wa maabara kila mahali. La hasha. Marekani kwenyewe, alikoishi Alex, bunge liliwaondoa mwaka 2002 katika sheria ya ustawi wa wanyama ndege waliozalishwa kwa ajili ya utafiti, pamoja na panya. Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inayotaka leseni kwa majaribio. Na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inataka kibali kwa yeyote anayeweka mnyama au ndege wa porini. Mwaka 2016, katika mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg, mataifa yalikubaliana kumtia kasuku wa kijivu katika orodha ya juu kabisa, ambayo inapiga marufuku biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini.

Hilo lilikuja baada ya hasara kubwa. Tangu mwaka 1975 zaidi ya kasuku milioni moja walikuwa wamekwisha kusafirishwa nje kutoka misitu ya Afrika, mbali na waliokufa mtegoni na njiani. Nchini Ghana ndege hao wamekaribia kutoweka. Kwetu Kenya makao yao ya asili yalikuwa ukingo wa mashariki wa misitu hiyo, kama vile Kakamega, kusini ya Bungoma, na waliobaki huko ni wachache mno.

Sisi Waislamu tuna hoja zaidi ya sheria za serikali. Twamjua Nabii Suleiman, aliyefunzwa usemi wa ndege, na hudhud aliyemletea habari za Saba. Katika Sura ya Al-An'am twafunzwa kwamba ndege warukao ni umma mfano wetu. Twaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfunga, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Na twajua pia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimuuliza kwa upole mtoto Abu Umair habari za ndege wake, na wanavyuoni wakapata hapo ruhusa ya kufuga ndege kwa sharti la kumtimizia haja zake.

Sharti hilo ndilo nalolishika mimi. Zamani haja za kasuku tulizihesabu mbili, chakula na maji. Sasa yamethibitishwa mengine: mwenzake, kazi ya mdomo na ya akili, na nafasi ya kukunjua mbawa. Anayeyajua hayo na akamnyima, udhuru wake ni mwembamba.

Kwa watafiti, naona haki inadai mambo manne. Wasitumie ndege aliyetolewa porini. Wasimweke peke yake. Wampe njia ya kukataa jaribio, na akikataa aachwe. Na kabla hawajaanza waeleze ataishi wapi baadaye, kwani fedha za utafiti huisha baada ya miaka michache, naye bado ana nusu karne mbele yake.

Na kwa mwenye kasuku nyumbani? Nilimweleza mzee wa Sirisia, nami nawaeleza wa Mombasa, Malindi na Lamu. Usimfungulie aende zake; aliyelelewa tunduni hajui kujilisha, na milima ya Elgon wala minazi ya Pwani si msitu wa Kongo. Nenda ofisi ya Shirika la Wanyamapori, KWS, uulize habari ya kibali na wapi anaweza kutunzwa pamoja na wenziwe. Wakati unangoja, mtoe tunduni kila siku ndani ya chumba kilichofungwa, kaa naye, zungumza naye. Mpe vijiti vya kutafuna. Karanga mpe na maganda yake, uzifunge katika karatasi, azitafute mwenyewe. Usimnunulie mwenzake kwa mlango wa nyuma, kwani kila anayenunuliwa hivyo humtuma mtegaji arudi msituni.

Na siku atakapopita mtu mlangoni kwako na kikapu kilichofunikwa kitambaa, akakunong'oneza kuwa anaye kasuku mchanga kutoka Kongo, bei ya mapatano, mwambie hapana, wala usikifunue kikapu. Watoto wakimwona mara moja tu, utashindwa nao.