Akaunti ya soko la fedha: Riba ni juu, makato je?

Mfanyabiashara mwenye fedha zilizokaa bila kazi kwa miezi miwili mitatu, akisubiri kontena lifike bandarini au msimu wa mazao uanze, hukabiliwa na swali moja: aziweke wapi zipate riba nzuri bila kufungiwa? Nchini Marekani, jibu la mabenki kwa zaidi ya miaka 40 limekuwa akaunti ya akiba ya soko la fedha. Riba yake mara nyingi huwa juu ya ile ya akiba ya kawaida. Hata hivyo, mwenye salio dogo anaweza kumaliza mwaka akiwa na fedha pungufu ya zile alizoweka.

Akaunti hiyo ilitokana na ushindani. Mwishoni mwa miaka ya 1970, benki za biashara za Marekani zilikatazwa kulipa zaidi ya asilimia 5.25 kwa akiba ya kawaida, wakati mfumuko wa bei ulikuwa umevuka asilimia 10. Mifuko ya soko la fedha, ambayo wa kwanza ulianzishwa mwaka 1971, haikubanwa na ukomo huo. Ilinunua dhamana za muda mfupi za serikali na za makampuni makubwa, ikawagawia wateja faida. Wenye akiba wakaanza kuhama benki.

Oktoba 1982 ilipitishwa sheria ya Garn-St Germain, na Desemba 14 mwaka huo benki zikaruhusiwa kufungua akaunti mpya ya kushindana na mifuko. Kiwango cha chini cha kuanzia kilikuwa dola 2,500, sharti lililoondolewa baadaye, na kila benki sasa hujipangia.

Riba ya akaunti hii haikufungwa. Hupanda na kushuka kufuatana na hali ya soko, na benki nyingi huilipa kwa madaraja: salio likiwa kubwa, riba huongezeka. Mteja huweza kutoa fedha wakati wowote, na baadhi ya benki humpa kitabu cha hundi. Hadi Aprili 2020, kanuni za Benki Kuu ya Marekani ziliruhusu uhamisho na malipo sita tu kwa mwezi kwa njia kama hundi na simu. Ukomo huo uliondolewa, lakini benki inaweza kuendelea nao na kutoza anayeuvuka.

Makato ndiyo yanayohitaji kalamu na karatasi. Tuchukue mfano wa benki inayotoza ada ya dola 12 kwa mwezi kila salio linaposhuka chini ya kiwango chake. Kwa mwaka hizo ni dola 144. Mteja mwenye dola 2,000 kwa riba ya asilimia 0.5 hupata dola 10 tu, hivyo amepoteza dola 134. Hata riba ikiwa asilimia 4, atapata dola 80, na bado atakuwa amepungukiwa dola 64. Ili riba hiyo ya asilimia 4 ifidie ada peke yake, anahitaji salio la dola 3,600. Kwa asilimia 0.5, anahitaji dola 28,800.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1991 inazilazimisha benki kumweleza mteja riba halisi ya mwaka pamoja na ada zote. Lakini kiwango hicho cha riba hakijatolewa ada. Mteja anapaswa kupiga hesabu hiyo mwenyewe.

Jambo la pili ni tofauti kati ya akaunti na mfuko, vitu viwili vyenye majina yanayofanana. Amana ya akaunti hukingwa na bima ya serikali ya Marekani hadi dola 250,000 kwa kila mteja katika kila benki. Mfuko hauna kinga hiyo. Septemba 16, 2008, siku moja baada ya Lehman Brothers kuomba kufilisiwa, kipande cha mfuko wa Reserve Primary chenye thamani ya dola moja kilishuka hadi senti 97. Kampuni iliyouendesha ndiyo ile ile iliyoanzisha mfuko wa kwanza mwaka 1971.

Tofauti hiyo inamhusu pia msomaji wa Nairobi na Dar es Salaam, kwani kinachouzwa zaidi hapa kwa jina la soko la fedha ni mfuko. Kenya imeweka bima ya amana za benki hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja katika kila benki, lakini vipande vya mfuko havimo. Tanzania nayo ina Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS: mwekezaji hununua vipande, haweki amana benki.

Hii haina maana kuwa mifuko ni mibaya, wala kwamba akaunti ni bora kwa kila mtu. Kabla ya kutia saini, uliza mambo manne: salio la chini ni kiasi gani na likishuka unatozwa nini, kuna ada gani za kutoa fedha, fedha hupatikana baada ya siku ngapi, na nani analipa iwapo taasisi itaanguka. Kisha toa makato yote kwenye riba. Kinachobaki ndicho cha kulinganisha.