Minde na Mkondekonde

Ukishaacha migomba na kahawa ya Kibosho na kupita lango la Umbwe la Mlima Kilimanjaro, unaingia katika msitu wa minde na mkondekonde. Minde ni mnyama wa usiku, mzito na mweusi, na wengi waliozaliwa chini ya msitu huo hawajawahi kumwona. Picha yake ya kwanza porini ilipatikana mwaka 2003, tena kwa kamera ya kutegwa, huko Udzungwa.

Kwa mwanabiolojia wawili hawa wanaachana mapema, mmoja himaya ya wanyama, mwingine ya mimea. Minde (Cephalophus spadix) ni mamalia wa familia ya Bovidae, yaani ni ndugu wa ng'ombe anayekatiwa majani kihambani, shamba la nyumbani la Wachagga. Mkondekonde (Prunus africana) ni wa familia ya waridi, pamoja na tufaha na pichi. Mtaalamu wa mimea Joseph Hooker alipoueleza mwaka 1864 aliuweka katika jenasi ya Pygeum. Ilichukua takriban miaka mia moja kuhamishiwa Prunus.

Kwenye Orodha Nyekundu ya shirika la uhifadhi la IUCN, hata hivyo, wote hupimwa kwa vigezo vilevile. Minde, anayeishi Tanzania pekee katika misitu michache ya milimani, yumo kati ya spishi zilizo katika hatari ya kutoweka. Adui zake ni mitego ya nyaya na kukatwa kwa misitu. Mkondekonde uko ngazi moja chini, ingawa unaota kuanzia Kameruni hadi Madagaska. Mti uliotapakaa hivyo umefikaje huko?

Jibu liko kwenye gome. Tangu miaka ya 1960 Ulaya hulinunua kutengeneza dawa ya tezi dume. Chini ya gome ndipo chakula kilichotengenezwa na majani hupita kwenda mizizini; likibanduliwa kuzunguka shina lote, mizizi hufa njaa, na mti nao hukauka. Ndiyo maana tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Kwangu mimi, ukubwa wa eneo bila kuangalia soko ni kipimo cha kupotosha.

Mwaka 2005 msitu uliozunguka mlima uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na minde wa Kilimanjaro hana kinga nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo. Mkondekonde una nafasi ya pili: unaweza kuoteshwa mpakani mwa kihamba. Atakayejaribu azipande mbegu zikiwa mbichi, kwani zikikauka hupoteza upesi uwezo wa kuota.